Wali wa Hekaluni

Mdogo wangu alianza kuhema akiwa ameketi. Hakuwa ametoka kisimani wala kukimbizana na wenzake. Alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni, na pumzi ilimjia kwa kukatika kama mtu aliyepanda kilima. Alikuwa na miaka kumi na minne. Nikamwambia apumzike kidogo. Akasema, "Dada, hapa ndiyo ninapumzika."

Tulizaliwa wanne. Mimi wa kwanza, akafuata wa kiume, kisha yeye, kisha kitinda mimba wetu wa kike. Baba alitangulia kufa, mama akamfuata kabla hatujazoea. Siku mama alipozikwa kando ya baba, ndani ya ua wa minyaa, nilikuwa darasa la sita. Sikurudi tena shuleni. Hakuna aliyenikataza. Ila asubuhi iliyofuata palikuwa na watoto watatu wanaotaka uji, na wa kuupika nilikuwa mimi.

Kijiji chetu si mbali na Shinyanga mjini, ukiamka mapema unafika kwa miguu kabla maduka hayajafunguliwa. Nilipata kazi kwenye nyumba ya familia ya Kihindi yenye duka la vitambaa, na kwa miaka tisa nilifua, nilipika, na zaidi ya yote nilimwangalia bibi wa nyumba ile. Wajukuu wake walimwita Ba, nasi wafanyakazi tukamwita hivyo hivyo. Ba alizaliwa chumba cha nyuma cha duka lile. Kisukuma chake kilikuwa cha wakulima wa pamba wa zamani, na wazee waliokuja kununua kaniki walicheka kwa furaha alipowaitikia "mwangaluka" yao. Magoti yake yalikuwa yamekwisha. Alikwenda kila mahali ameshika mkono wangu.

Daktari wa Mwanza alisema mlango mmoja wa moyo wa mdogo wangu umekakamaa, na kwamba hapa nchini hakuna wa kuufungua. Ikabidi iwe India. Nilipomwambia Ba, alikuwa anachambua dengu. Hakuinua macho. Alisema mumewe alipokufa aliweka nadhiri ya kuzunguka mahekalu ya kusini mwa India, akawa anaiahirisha kila mwaka kwa sababu ya magoti. Huko kusini, katika mji ulio kando ya mto uitwao Kaveri, aliishi mpwa wa mumewe, muuza pampu za maji aliyewahi kuishi Shinyanga na bado alijua Kiswahili kidogo, na alifahamiana na hospitali moja ya hisani.

"Kwa hiyo twende," alisema. "Yeye moyo, mimi magoti na nadhiri, wewe mikono."

Wanawe walichanga, kanisa letu likachanga, na mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akichimba dhahabu Rwamgasa, akaleta alichopata kwenye duara lao, shimo wanalochimba kwa ushirika. Alikuja kutuaga kituo cha treni cha Shinyanga, udongo mwekundu ungali kwenye kucha zake. Alimtania mgonjwa kwamba akirudi atakuwa anakula pilipili na kuongea kwa pua. Kisha akanivuta pembeni.

"Dada, utamrudisha?"

Mtu wa kwetu huwa anasema "Mungu akipenda." Mimi nilisema, "Nitamrudisha."

Ndege ilitushusha Bombay, na kutoka hapo tulisafiri kwa treni siku mbili kuelekea kusini. Nilidhani Ba sasa yuko kwao. Siku ya kwanza alipiga soga na kila mtu kwenye behewa. Siku ya pili lugha ikageuka, herufi za kwenye vituo zikawa za mviringo kama vitanzi, na Ba akanyamaza. Wauza chakula walipita na wali, wali wa mtindi, wali wa ndimu.

"Hawa watu hawana chapati," alininong'oneza kwa Kiswahili, kama anayenipa siri mbaya.

"Ba, si Wahindi wenzako?"

"Wahindi gani! Mimi Msukuma."

Mdogo wangu alicheka mpaka nikaogopa kwa ajili ya pumzi yake.

Hospitali ilimpokea na kusema wataanza kumpima taratibu, kwa kuwa mwili wake ulikuwa na maji na damu yake ilikuwa haba. Wasindikizaji walitolewa wodini kila asubuhi mgonjwa akishaogeshwa, wakaruhusiwa kurudi saa kumi jioni. Katika saa hizo nilikuwa mikono ya Ba, na Ba alikwenda mahekaluni. Ndivyo mimi, mtoto wa kanisa, nilivyofika kwenye mahekalu ya mji ule. Sikwenda kwa kutafuta. Nilimshika mkono mtu aliyekuwa anatafuta.

La kwanza lilikuwa kisiwani, pale Kaveri inapogawanyika mikono miwili. Nilitarajia jengo. Nilikuta mji mzima uliofungwa ndani ya kuta, ukuta ndani ya ukuta, na kila lango likiwa na mnara uliojaa sanamu za rangi, watu na farasi na miungu waliobanana kama abiria juu ya lori la mnada. Kati ya kuta za nje kulikuwa na barabara, nyumba, duka la baiskeli, na mwanamke anayeanika pilipili. Huko ndani kabisa, Ba aliniambia, Mungu amelala juu ya nyoka, anaota ulimwengu. Sikumwona. Penye nguzo ndefu ya shaba kulikuwa na kibao kilichosema asiye wa dini ile asivuke. Nilisimama hapo na mkoba wa Ba, bila viatu, jiwe likiniunguza nyayo, na mwanamke mmoja asiyenijua alimkabidhi Ba mkono wake wakaendelea.

Alikaa sana. Aliporudi paji lake lilikuwa na alama nyekundu na uso wake ulikuwa na wasiwasi.

"Nimemwombea mtoto. Nimetaja jina. Kuhani akauliza nyota aliyozaliwa nayo. Nyota yake ni ipi?"

"Mimi nitajuaje, Ba? Alizaliwa mwaka ule pamba ilipokosa magari ikalala ghalani. Hayo tu ndiyo mama alisema."

"Nilijua hujui. Nikampa yangu."

"Na wewe utabaki na ipi?"

"Mimi nimeshaitumia miaka sabini. Imechakaa, lakini bado inafanya kazi."

Jioni ile nilimsimulia mdogo wangu yote, na hasa habari za tembo. Kwenye lango moja alisimama tembo aliyechorwa maua kwenye paji. Ukimpa sarafu anaipokea kwa mkonga, anampa mchungaji wake, kisha anakuwekea mkonga kichwani kukubariki.

"Usipompa?"

"Anakutazama tu."

"Basi huyo ni trafiki," alisema, na wagonjwa wa vitanda vya jirani walicheka kwa kumwona akicheka, bila kujua tunasema nini.

Tangu siku ile alinisubiri. Saa kumi nikiingia alikuwa ameshajiinua kwenye mto. "Leo je?" Nikaanza kuangalia mambo kwa ajili yake. Nilipokuwa mahekaluni nilikuwa nachagua: hili nitampelekea, hili siyo. Nilimpelekea hekalu lililojengwa juu ya jabali katikati ya mji, ambako ngazi zimechongwa ndani ya mwamba wenyewe. Ba alikaa chini akanituma mimi juu na nazi. Nilimwambia lile jabali lingeweza kuwa la kwetu, kama mawe yaliyo nyuma ya kijiji tulikokuwa tunachunga mbuzi, ila hawa wamelitia mlango. Nilimpelekea hekalu lingine ambako maji hutoka ardhini yenyewe kuzunguka jiwe wanaloliabudu, na makuhani hawawezi kuyakausha. Nilimpelekea bei ya asumini, na namna wanawake wanavyoikata kwa kuipima na mkono, kutoka kiwiko mpaka kidole.

Kitu kimoja sikumpelekea. Kila hekalu walitoa prasadi, chakula kilichowekwa kwanza mbele ya mungu wao, kisha kikagawiwa watu: wali wa sukari guru kwenye kibakuli cha majani, au tunda, au chembe za sukari. Mzee wetu wa kanisa alinionya kabla sijasafiri nisile kilichotolewa kwa sanamu. Ba aliponipa mara ya kwanza, nilikataa. Hakukasirika. Alikula sehemu yake, akaifunga sehemu yangu kwenye leso, akampa mwombaji getini. Lakini nilimwona ameumia, kama mtu aliyekukaribisha kwake ukasema umeshiba. Nilikataa hivyo hivyo kwa majuma mawili.

Kisha tukaenda kwa mama wa homa.

Hekalu lake liko nje ya mji, tulikwenda kwa basi. Zamani mungu huyu wa kike alikuwa mama wa ndui, Ba alieleza, na sasa ni wa kila ugonjwa. Wanawake waliovaa sari za manjano walikuja na nywele zinazochuruzika maji, wamebeba matawi, na niliponyoosha shingo kuona ni matawi gani nikakuta ni mwarobaini. Mwarobaini wetu, ule wa kando ya kila nyumba Shinyanga, ambao mama alitukamulia maji yake machungu tukiugua malaria. Getini waliuza vibati vyembamba vyenye umbo la viungo vya mwili: jicho, mguu, mkono, tumbo. Unanunua kiungo kinachokuuma unampelekea mama. Ba alipekua sinia la muuzaji akitafuta moyo. Moyo haukuwepo. Muuzaji, kijana mwenye haraka, akampa kibati cha mtu mzima, kuanzia kichwa mpaka miguu, kana kwamba anasema: yote ni yake, mpe yote.

Ba alinieleza jambo lingine. Majuma yale yalikuwa ya mfungo, lakini waliofunga hawakuwa watu. Aliyefunga alikuwa mama mwenyewe. Mara moja kwa mwaka huacha wali wake, akaishi kwa maji ya madafu na vitu vyepesi, kwa ajili ya watoto wake wagonjwa wa dunia nzima. Nilisimama pale nimeshika matawi niliyopewa na mtu. Nilikuwa nimejua njaa ya namna hiyo. Kulikuwa na mwaka wa ukame ambao nilipakua ugali nikasema mimi nimeshakula kwa Ba. Sikuamini kwamba jiwe lile ni mungu. Lakini waliokuwa wamelitungia habari ile, hao walikuwa wananijua.

Tulipotoka Ba akanipa chembe ya sukari kwenye kiganja. Nikaila. Alinishika mkono kwa nguvu zaidi kidogo mpaka kwenye basi.

Jumatatu iliyofuata daktari alisema mgonjwa yuko tayari. Upasuaji ungekuwa Jumatano asubuhi. Jumanne jioni muuguzi, mama mwenye sari nyeupe na msalaba shingoni, alinieleza kwa Kiingereza cha polepole na kwa vidole: asile kitu. Akaonyesha saa. Asubuhi, hakuna chakula. Kiingereza changu kiliishia darasa la sita, lakini hilo nililielewa. Niliitikia kwa kichwa. Nikauficha mkate uliokuwa kwenye kikabati.

Jumatano palipopambazuka Ba alikuja. Alikuwa amepelekwa kisiwani gizagiza na mpwa wa mumewe ili awahi ibada ya kwanza, na alikuja wodini ananukia kafuri, miguu imevimba, ameshika kibakuli cha majani kwa mikono miwili. Wali wa sukari guru, bado vuguvugu, una samli na zabibu kavu. Muuguzi hakuwepo.

"Mpe," Ba alisema. "Nimeomba kwa nyota yetu. Mpe kabla hajaingia."

Nimeirudia asubuhi ile mara nyingi kuliko sala yoyote, na kila mara nakuta kitu kilekile. Kwa Ba, prasadi haikuwa chakula. Ilikuwa mkono wa Mungu. Hakuna mtu anayeuliza kama mkono wa Mungu unaruhusiwa kabla ya upasuaji. Na mimi, ambaye kanisani nilikula kipande cha mkate na kurudi nyumbani nikiwa na njaa ileile, nami nilijua kuna kuweka kitu kinywani ambako siyo kula. Mkate wa kikabatini, huo ulikuwa chakula, na nilikuwa nimeuficha. Niliposhika kile kibakuli nilisita, ndiyo. Lakini nilisita kwa ajili ya mzee wa kanisa. Nilijiuliza kama ni dhambi. Sikujiuliza kama ni chakula. Na nikajibu moyoni kwamba sitakuwa mimi wa kumkatalia mdogo wangu baraka siku kama hii.

Nilikusudia kumwonjesha kwa ncha ya kidole. Lakini alikuwa na njaa, na alikuwa amekula uji wa hospitali majuma matatu. Alipoonja, macho yalimtoka.

"Dada! Hiki ndicho ulikuwa unaninyima siku zote?"

Akakivuta kibakuli. Akala chote. Akalamba jani.

Muuguzi alipoingia na kitanda cha magurudumu aliona punje moja kwenye kidevu chake. Alisimama. Aliniuliza, na mimi nikamwonyesha jani, bado sijaelewa, nikitabasamu. Sura yake siwezi kuisahau. Haikuwa ya hasira.

Daktari alieleza kupitia kwa mpwa. Mtu aliyelazwa usingizi wa dawa akiwa na chakula tumboni anaweza kutapika na chakula kikaingia mapafuni. Hawawezi. Na orodha yao imejaa, nafasi nyingine ni baada ya siku tisa. Siku tisa si nyingi, alisema. Ba alikuwa amekaa kwenye benchi la korido. Mpwa alipomwambia, alivuta ncha ya sari akajifunika uso wote, akabaki hivyo kama mzigo uliofunikwa.

Siku ya nne homa ilimpanda. Ya sita walisema iko ndani ya moyo wenyewe. Bado aliniuliza "Leo je?" nami sikuwa na la kumpelekea, kwa sababu sikutoka tena. Nilirudia ya zamani. Nilirudia tembo. Siku ya nane, adhuhuri, wakati nje wauza maji wanaita, alisema miguu yake ina baridi. Niliisugua. Nilikuwa bado naisugua yule muuguzi aliponishika mabega.

Daktari aliniambia, na nadhani alisema kwa huruma, kwamba moyo ule ungeweza kukataa hata mezani. Ungeweza. Mpaka leo naishi na neno hilo. Siku nyingine ni mkeka, siku nyingine ni miiba.

Kuusafirisha mwili mpaka Shinyanga hakukuwezekana, gharama ilitushinda. Mchungaji wa hospitali, mtu mpole, alisema kanisa lao lina makaburi na watatupa mahali. Nilikwenda kuyaona. Yalikuwa safi, yana misalaba ya saruji na majina nisiyoweza kuyatamka. Nikajiuliza ni nani atalipalilia kaburi lake. Nikamwona mdogo wangu wa kiume amesimama kituoni. Njia ya kumrudisha ilikuwa moja tu, na nilipomwambia Ba alinitazama kama nimezungumza lugha nyingine.

"Kwenu mnachoma?"

"Hatuchomi."

"Basi?"

"Nitambeba."

Mahali pa kuchomea palikuwa kando ya mto. Msimamizi wake alimtazama mpwa, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Mwanamke haingii, na moto huwashwa na mtoto wa kiume au baba. Yeye mpwa angeweza kuwasha. Ba alijivuta mbele kwa magoti yake mabovu akaanza kufoka, na kwa hasira alifoka kwa Kiswahili, mbele ya watu ambao, mbali na mpwa, hawakujua neno lake hata moja.

"Baba yake ndiye huyu! Mwambie! Huyu ndiye baba na huyu ndiye mama, tangu mtoto ana miaka mitano! Baba gani mwingine unataka?"

Mpwa akatafsiri alivyoweza. Msimamizi akanipa kijinga cha moto.

Sitaandika yaliyofuata. Niliwasha, nikasimama mpaka mwisho.

Kesho yake walinipa majivu ndani ya chungu kilichofungwa kitambaa, na kila mtu akageuka kuelekea mtoni, kwa sababu huko ndiko yanakokwenda. Mto ulikuwa mwembamba wakati ule wa mwaka, mchanga mwingi, maji yanang'aa katikati. Ba aliniomba. Alisema Kaveri ni mama, amepokea watoto wa wafalme, atampokea na huyu, na hatarudi tena kwenye mateso. Nilisema hapana. Akaomba nusu. Nikasema hapana. Akanyoosha kiganja, akasema basi, chembe, kiasi cha chumvi ya mboga, aimwage yeye kwa mkono wake.

"Ba, niliahidi kumrudisha. Sikuahidi sehemu."

Alikunja kiganja chake. Hatukusema mengi mpaka Bombay. Nilidhani ananisihi kwa ajili ya dini yake, nami nikajiona imara. Ilinichukua muda kuelewa kwamba yule bibi alikuwa amembebea mtoto chakula kwa mikono miwili, na alikuwa anatafuta kitu kingine, chochote, cha kumtendea kwa mikono hiyohiyo.

Kwenye treni kutoka Dar es Salaam nilikipakata chungu. Mama mmoja aliyepandia Dodoma aliniuliza kama nauza samli. Nikasema si samli. Akaona uso wangu, akaacha, na baadaye akanipa chungwa.

Nyumbani walikuwa wamepata habari ya kifo, lakini habari ya moto nilikuwa nimeiacha niiseme mwenyewe. Baba mdogo, ndugu wa baba yetu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. Nilimpigia magoti, nikamwamkia. Hakuitikia marahaba.

"Mwili uko wapi?"

"Huu hapa, baba."

Alikitazama chungu. "Walimchoma?"

"Nilimchoma mimi."

"Anayechomwa ni mwizi," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Au mchawi. Mtoto wa kaka yangu aliiba nini?"

Nilisema tu kwamba nilikuwa na njia mbili, kumwacha mzima kwa watu au kumleta hivi, na nimemleta. Akasema mbele yake hayazikwi majivu, majivu hutupwa. Akachukua fimbo yake akatoka. Lakini hakwenda mbali. Alikaa nje ya ua, upande wa pili wa minyaa, tukawa tunaona kofia yake.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa amekuja kutoka Rwamgasa tangu juzi yake. Hakuuliza kitu. Alichukua sururu akaanza kuchimba kando ya mama, naye alichimba kama wanavyochimba kule, kwa mapigo mafupi na pembe zilizonyooka. Nilipoona urefu aliopima nikamwambia shimo dogo linatosha. Akasema, "Simchimbii chungu." Akaendelea, kaburi la mtu mzima.

Shimo lilipomfika mabegani niliinama ukingoni nikamwambia habari za wali. Nilimwambia yeye kabla ya mtu yeyote, na nilimwambia yote: muuguzi, saa, mkate nilioficha, jani. Sikumtaja Ba. Nilisema nilimpa mimi, na ni kweli. Aliacha kuchimba. Alisimama anatazama udongo mbele ya uso wake.

"Alikula chote?"

"Chote."

"Kilikuwa kitamu?"

"Alilamba jani."

Akapangusa uso kwa mkono wenye udongo, akainua sururu.

Ba alikuja mchana na gari la duka. Aliketi mbali na wanawake wengine, kwa sababu minong'ono ilikuwa imeshaanza kwamba Wahindi ndio waliotuharibia mtoto. Mwinjilisti alipomaliza kusoma na ikafika zamu ya kumweka, ndugu yangu alikuwa ndani ya kaburi amenyoosha mikono. Nilikwenda nikamwinua Ba, nikamkabidhi chungu. Watu waliguna. Alikibeba kwa mikono miwili hatua chache zile, mimi nimemshika kiuno, akakishusha kwa ndugu yangu.

Shimo lilikuwa refu na chungu kilikuwa kidogo. Ndugu yangu alitazama huku na huku, hajui akiweke wapi. Kitinda mimba wetu alikuwa amejibana ubavuni mwangu. Alivuta kanga yangu.

"Dada, kichwa kiko upande gani?"

Kila mtu alisikia. Nje ya minyaa ile kofia ilisogea, ikainuka. Baba mdogo alikuja mpaka ukingoni bila kunitazama, akaelekeza kwa fimbo upande ambao watu wa ukoo wetu hulazwa kichwa.

"Hapo," alisema. "Kiweke hapo."

Ndugu yangu akakiweka hapo.